Roketi ya Modeli: Jinsi ya Kuirusha Uwanjani na Kurudi Nayo Nyumbani

Kila majira ya joto yakianza huku Marekani, wazazi wenzangu hunitumia maswali yaleyale. Roketi ilipaa vizuri, parachuti haikufunguka. Parachuti ilifunguka, upepo ukaichukua roketi, haikuonekana tena. Kitufe kilibonyezwa, kikatoka kimoshi chembamba, roketi ikabaki palepale na mtoto akaanza kulengwalengwa na machozi.

Karibu makosa yote haya hufanyika mezani, kabla roketi haijafika kwenye fimbo ya kurushia, ile inayoiongoza inapoanza kupaa. Nayo yanazuilika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda siku ya wazi ya klabu akiwa na roketi ndogo ya karatasi na plastiki, inayotumia injini ya baruti iliyotengenezwa kiwandani. Kutengeneza injini mwenyewe hakumo humu, na nakuomba usijaribu kabisa. Baruti ya kuchanganya jikoni imekata watu vidole na kupofua macho, na hakuna klabu itakayokuruhusu kuiwasha.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: mruko uliofaulu ni ule ambao roketi inashuka nzima, ikiwa tayari kuruka tena. Kwenda juu ni kazi rahisi, injini inaifanya yenyewe. Kazi yako wewe ni kuirudisha.

## Vifaa vya kuandaa

Klabu huwa na majukwaa ya kurushia, nyaya, betri na kidhibiti cha umeme. Wewe njoo na hivi:

- Roketi iliyokwisha kujengwa na kukauka gundi. Kwa anayeanza napendekeza Alpha III ya kampuni ya Estes, ambayo mapezi yake ni ya plastiki na hujengwa jioni moja, au Big Bertha, ambayo ni nene, hupaa polepole na huonekana vizuri.
- Injini za A8-3 na B6-4 (maana ya namba hizi iko Hatua ya 2). Pakiti huja na viwashio, yaani vijiwaya vya kuwashia injini kwa umeme, na plagi zake ndogo za plastiki, hakikisha zimo.
- Karatasi za kinga zisizoshika moto, zinazouzwa pamoja na vifaa vya roketi.
- Parachuti ya akiba, na utepe mrefu wa plastiki wa kutumia badala ya parachuti upepo ukizidi.
- Poda ya mtoto.
- Selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi.
- Msasa laini, mkasi, gundi ya mbao na kijiti cha mbao cha kusukumia injini iliyokwisha kutumika.
- Kalamu na daftari dogo.
- Kofia, maji mengi, viatu vya kufunika miguu na suruali ndefu. Viwanja vingi ni nyika za majani marefu, na katika majimbo ya kaskazini majani hayo yana kupe. Ingiza suruali ndani ya soksi, na mkirudi nyumbani mkagueni mtoto mwili mzima.

Meza ndogo ya kukunja itakusaidia sana. Kufunga parachuti juu ya buti ya gari huku upepo unavuma kunachosha na kuharibu kazi.

## Hatua ya 1: Tafuta uwanja na uangalie hali ya hewa

Vyama viwili vikubwa vya kitaifa ni National Association of Rocketry, maarufu kama NAR, na Tripoli Rocketry Association. Vyote vina klabu katika majimbo mengi, na tovuti zao zinaonyesha klabu iliyo karibu nawe. Klabu nyingi humkaribisha mgeni asiye mwanachama arushe roketi ndogo, bure au kwa ada kidogo.

Nitatoa mfano wa uwanja wa Bong, yaani Richard Bong State Recreation Area, kusini mwa Wisconsin, kati ya Milwaukee na Chicago. Ni eneo la wazi la jimbo, lina sehemu ya kurushia roketi, na klabu ya WOOSH huitumia. Kwa Waswahili wa Milwaukee na Chicago, wakiwemo ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kama ilivyo kwa hifadhi nyingine za jimbo la Wisconsin, gari linahitaji stika ya kuingilia, kwa hiyo usishangae ukiombwa malipo langoni hata kama klabu haitozi chochote.

Fungua ukurasa wa klabu usiku wa kuamkia siku yenyewe, na tena asubuhi. Siku ya kurusha huahirishwa kwa upepo, mvua, matope au marufuku ya moto wakati majani yamekauka. Kuendesha gari saa nzima na kukuta uwanja mtupu ni jambo linaloepukika kwa kuangalia simu dakika moja.

Kanuni za usalama za NAR zinakataza kurusha upepo unapozidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Huo ni mpaka wa usalama, nao haukuhakikishii kwamba utaipata roketi yako. Kwa mruko wa kwanza mimi ningebaki chini ya maili 10 kwa saa. Huna kipimo? Tazama miti: majani na vijitawi vikitikisika bila kupumzika na bendera nyepesi ikinyooka, umefika maili 10 au umezipita kidogo.

Nenda mapema. Asubuhi upepo huwa mtulivu kuliko alasiri, na foleni ya ukaguzi huwa fupi.

## Hatua ya 2: Soma namba za injini

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu muuzaji hushauri injini kubwa na mtoto anataka kubwa zaidi.

Chukua C6-5. Herufi C ni kiasi cha msukumo wote. Kila herufi inayofuata huongeza kiwango cha juu mara mbili: A hufika newtoni-sekunde 2.5, B hufika 5, C hufika 10, D hufika 20. Namba 6 ni wastani wa nguvu ya kusukuma kwa newtoni. Namba 5 ya mwisho ni sekunde za kusubiri: baruti ya kusukuma ikishakwisha, injini hukaa sekunde 5 ikitoa moshi wa kufuatilia huku roketi ikiendelea kupaa kwa kasi iliyobaki, kisha hulipuka kidogo kuelekea mbele na kufyatua pua na parachuti.

Namba hiyo ya mwisho usiipuuze. Parachuti inatakiwa itoke roketi ikiwa kileleni, pale ambapo karibu imesimama. Muda ukiwa mfupi mno, itatoka roketi ikiwa bado inapaa kwa kasi. Ukiwa mrefu mno, itatoka roketi imekwisha kugeuka na inaporomoka. Kwa vyovyote vile kasi huchana parachuti, au kamba huchana bomba la karatasi kuanzia mdomoni kwenda chini. Roketi nzito na nene hutaka muda mfupi. Nyembamba na nyepesi hutaka mrefu. Pakiti ya roketi huorodhesha injini zinazoifaa. Zifuate hizo tu.

Onyo: injini inayoishia na sifuri, kama C6-0, ni ya hatua ya chini ya roketi za hatua mbili. Haina muda wa kusubiri wala baruti ya kufyatua parachuti. Ukiitia kwenye roketi ya kawaida, roketi itarudi ardhini kama mkuki.

Sasa tupige hesabu ya upepo, ambayo ndiyo itakayookoa roketi yako. Roketi ndogo chini ya parachuti hushuka kwa kama mita 4 kila sekunde. Upepo wa maili 10 kwa saa husukuma kama mita 4.5 kila sekunde. Parachuti ikifunguka mita 100 juu, roketi itakaa hewani sekunde 25 na kupeperuka kama mita 112. Ikifunguka mita 300 juu, itakaa sekunde 75 na kupeperuka karibu mita 340. Uwanja uleule, upepo uleule. Kilichobadilika ni herufi ya injini tu.

Kwa hiyo anza na A8-3, hata mtoto akinuna. Ikirudi salama, panda hadi B6-4. C ngojea siku ya upepo mdogo.

Kuhusu kuhifadhi: usiache injini ndani ya gari juani. Joto na baridi vikipishana, baruti iliyoshindiliwa hutanuka na kusinyaa, ikapata nyufa au ikaachana na ganda lake. Moto ukiingia kwenye nyufa hizo, baruti yote huwaka kwa mpigo na injini hupasuka. Injini iliyoanguka kwenye sakafu ngumu nayo usiitumie.

## Hatua ya 3: Kagua roketi ukiwa nyumbani

Fanya kazi hii jana yake, mezani, chini ya taa nzuri.

Shika kila pezi na ulisukume kidogo upande huu na upande ule. Likicheza, weka mstari wa gundi ya mbao pande zote mbili za maungio na uache usiku kucha. Pezi likitoka wakati roketi inapaa, roketi itapinda na kwenda isikotakiwa, pengine kwa watu.

Chungulia ndani ya kijibomba cha ubavuni kinachopita kwenye fimbo. Rangi iliyoganda humo hufanya roketi ikwame kwenye fimbo huku injini inawaka. Kisugue kwa kipande cha msasa ulichoviringisha.

Kisha pua. Inua roketi kwa kuishika pua tu. Bomba lisidondoke. Tikisa taratibu: sasa bomba liachie. Likigoma, pua imebana mno na baruti ya kufyatua inaweza kushindwa kuisukuma. Isugue msasa kidogo shingoni. Likidondoka kabla hujatikisa, zungushia shingo ya pua kipande cha selotepu. Nimeona parachuti nyingi zikikosa kutoka kwa sababu ya pua iliyobana tu, kila kitu kingine kikiwa sawa.

Malizia na kamba ya mpira inayounganisha pua na bomba. Ivute kwa nguvu. Ikiwa na nyufa, au imeungua karibu na mwisho, ibadilishe. Iwe na urefu wa mara mbili hadi tatu ya urefu wa roketi. Kamba fupi huivuta pua na kuirudisha kwa kishindo, ikapiga mdomo wa bomba na kuacha alama ya kubonyea. Ukiiona alama hiyo kwenye roketi yako, sababu unaijua.

## Hatua ya 4: Funga parachuti

Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo wote. Soma mara mbili.

Usifunge parachuti usiku wa jana. Plastiki iliyokunjwa muda mrefu hushika umbo la mikunjo, hasa kukiwa na baridi, na ikitoka hewani hubaki imenyongea kama soseji. Ifunge uwanjani, dakika chache kabla ya kwenda kurusha.

Anza na karatasi za kinga, maana baruti ya kufyatua hutoa gesi ya moto mkali ambayo huyeyusha plastiki papo hapo. Chukua karatasi 4 au 5, fikicha kila moja peke yake iwe kibonge chepesi, uzitumbukize moja moja kwenye bomba. Zijaze kina cha kama mara mbili ya upana wa bomba. Zisishindiliwe. Kazi yake ni kuziba kama pistoni laini: gesi izisukume, nazo zisukume parachuti. Ukizikandamiza zinakuwa kizibo.

Karatasi ya chooni ya kawaida haifai hata kidogo. Hushika moto, hutoka inaungua na kuangukia majani makavu.

Sasa parachuti yenyewe:

1. Ishike katikati yake kwa vidole viwili, nyuzi zikining'inia. Pitisha mkono mwingine kutoka juu hadi chini ili nyuzi zote zinyooke na zilingane. Uzi uliojisokota utatue sasa.
2. Ilaze mezani ikiwa imejikunja pembetatu ndefu. Ikunje nusu kwa urefu, kisha nusu tena, kama unavyokunja kanga kabla ya kuiweka kabatini.
3. Nyunyiza poda ya mtoto katikati ya mikunjo, si kwa juu tu. Poda huzuia plastiki kugandana, na parachuti inapofunguka hutoa wingu jeupe dogo linalokuonyesha roketi ilipo.
4. Kunja kutoka kileleni kuja chini mara mbili au tatu, kwa ulegevu.
5. Nyuzi zipange kwa kuzikunja huku na huko kando ya parachuti. Ukitaka kuzizungushia, mzunguko mmoja au miwili iliyolegea yatosha. Kuzizungusha mara nyingi na kukaza ni kuifunga parachuti pingu.
6. Ingiza kamba ya mpira kwanza juu ya karatasi za kinga, kisha parachuti, kisha nyuzi, mwisho pua.

Utajuaje umefaulu? Parachuti inateleza ndani ya bomba yenyewe, au kwa kuisukuma kidogo sana na ncha ya kidole. Ukilazimika kuisokomeza kwa kalamu, haitatoka. Itoe, uanze upya. Jaribio jingine: kabla ya kutia injini, weka mdomo kwenye mwisho wa bomba na upulize kwa nguvu. Pua na parachuti vikichomoka, baruti nayo itavitoa. Kisha funga tena.

Upepo ukiwa unaongezeka, punguza muda wa kukaa hewani. Kata tundu la duara katikati ya parachuti, lisilozidi upana wa sarafu kubwa, au zungushia selotepu nyuzi zote katikati ya urefu wake ili parachuti isifunguke yote. Kwa roketi nyepesi kama Alpha III, utepe badala ya parachuti unatosha kabisa pale penye majani laini.

## Hatua ya 5: Tia injini na kiwashio

Sukuma injini ndani hadi ndoano ya chuma ijifunge nyuma yake. Kama roketi yako haina ndoano, zungushia injini selotepu hadi iingie kwa kubana. Injini iliyolegea hufyatuliwa yenyewe kwa nyuma badala ya kufyatua parachuti, na roketi huanguka imefungwa.

Kiwashio ndicho cha mwisho. Geuza roketi, mdomo wa injini uangalie juu. Dondosha kiwashio kwenye tundu hadi ncha yake nyeusi iguse baruti ndani. Iguse kweli. Nafasi ya milimita mbili inatosha kuharibu kila kitu: kiwashio kitaungua peke yake na injini haitajua. Kishikilie hapohapo, bana plagi ya plastiki, kisha tenganisha nyaya mbili zisigusane.

Klabu nyingine hutaka viwashio vitiwe kwenye jukwaa tu. Uliza kabla.

## Hatua ya 6: Kadi na ukaguzi

Utapewa kadi ya mruko ya kujaza: jina lako, jina la roketi, injini, na njia ya kushukia. Andika wazi ikiwa ni mruko wake wa kwanza.

Utaipeleka kwa RSO, afisa wa usalama wa uwanja. Atashika mapezi, atavuta pua, atasoma injini. Neno lake ni la mwisho. Akikataa roketi yako, usibishane na usione haya. Muulize arekebishe nini, na mara nyingi atakuonyesha mwenyewe. Watu hawa hujitolea, na wengi wanapenda kufundisha watoto. Mwache mwanao ajibu maswali mwenyewe, hata kama Kiingereza chake bado kinajikongoja. Herufi na namba za injini ni zilezile kwa lugha zote.

## Hatua ya 7: Kwenye jukwaa

Ngoja hadi LCO, anayeendesha urushaji, atangaze kwamba uwanja uko salama kuingia. Hapo ndipo mnakwenda, kwa kutembea.

Fimbo ya kurushia ni nyembamba na ncha yake inaweza kuwa usawa wa macho, hasa ya mtoto. Funika ncha kwa kiganja unapoinama, au ilaze fimbo kama jukwaa linaruhusu. Hakuna jeraha la kijinga kuliko hili.

Telezesha roketi kwenye fimbo. Iteremke bila kukwaruza. Ikikwama, futa fimbo kwa kitambaa au msasa. Moshi wa miruko iliyotangulia huacha masizi.

Roketi isikalie sahani ya chuma ya kukinga moto. Bana kibanio cha nguo kwenye fimbo, chini ya kile kijibomba, ili roketi ining'inie sentimita chache juu. Vinginevyo klipu za nyaya za umeme zitagusa chuma na umeme utapita njia ya mkato.

Sugua meno ya klipu kwa msasa, kisha bana kila moja kwenye waya wake wa kiwashio. Zisigusane. Vuta kidogo uone kama zimeshika, bila kuvuta kiwashio kutoka ndani.

Fimbo elekeza juu wima, au iinamishe kidogo. Kanuni hairuhusu kuzidi nyuzi 30 kutoka wima, na nyuzi 5 kuelekea upepo unakotoka zinatosha. Roketi yenyewe hupenda kugeukia upepo ikipaa, kwa hiyo ukizidisha italala na kwenda mbali badala ya juu.

## Hatua ya 8: Kuhesabu, na roketi ikigoma

Rudi nyuma ya mstari. Kanuni ya NAR inataka angalau futi 15, kama mita 4.5, kwa injini za D na ndogo zaidi, na futi 30 kwa kubwa zaidi. Mstari wa watazamaji wa klabu huwa mbali kuliko hapo.

LCO ataangalia anga, atasoma kadi yako kwenye kipaza sauti na kuhesabu kurudi nyuma kuanzia tano. Klabu nyingi humruhusu mtoto abonyeze kitufe. Mwambie abonyeze na kushikilia, asidonoe. Kiwashio kinahitaji umeme wa mfululizo kwa muda mfupi.

Simama, usikae. Wakisikika watu wakipaza sauti "Heads up!", kuna roketi inashuka bila parachuti. Angalia juu mara moja, itafute, ondoka njiani. Mfundishe mtoto hilo kabla ya kufika.

Roketi ikigoma, hakuna anayeikaribia kwa sekunde 60. LCO ataondoa ufunguo wa usalama kwanza. Kisha soma dalili ilizoacha roketi:

- Kiwashio kimeungua, injini haijawaka: ncha haikugusa baruti. Weka kipya, kiingie hadi mwisho.
- Kiwashio hakijaguswa na moto: umeme haukufika. Klipu chafu, nyaya zimegusana, au klipu imegusa sahani.
- Klipu imeachia: uliibana pembeni.

Injini iliyogoma kwa sababu hizi bado ni nzima. Badilisha kiwashio tu.

## Hatua ya 9: Fuatilia na uokote

Mmoja wenu asiondoe macho kwenye roketi, hata kurekodi video. Mruko wa injini A ni sekunde chache kupanda. Wanaopoteza roketi mara nyingi walikuwa wanaangalia skrini.

Inapotua, nyoosha mkono kuielekea na utafute alama nyuma yake kwenye upeo wa macho: mti uliopinda, kona ya banda, nguzo. Usishushe mkono hadi alama ikae kichwani. Kisha, LCO akishafungua uwanja, tembea mstari mmoja kuelekea alama hiyo. Kwenye majani ya kimo cha kiuno, roketi huonekana ukiwa umeikaribia mno, na anayezungukazunguka huipita. Wawili mkiwa mmesimama mbali kidogo wakati wa kuangalia, mistari yenu miwili itakutana penye roketi.

Usijaribu kuidaka inaposhuka. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, imekwenda, iacheni. Mti mrefu, vivyo hivyo. Ikiangukia shamba la mtu, omba ruhusa kwanza, na ukiwa mgeni nenda na mtu wa klabu ambaye majirani wanamfahamu.

## Hatua ya 10: Ikague kabla ya mruko wa pili

Ganda la injini linaweza kuwa moto. Lishike kwa uangalifu, kisha lisukume litoke kwa kijiti.

Angalia parachuti. Ikiwa na matundu yaliyoyeyuka, karatasi za kinga hazikutosha au ziliacha upenyo. Angalia kamba ya mpira, hasa mwisho ulio ndani ya bomba. Bonyeza mapezi tena, maana kutua ndiko kunakoyalegeza.

Andika kwenye daftari: injini, upepo, parachuti ilifunguka wapi, ikipaa, kileleni au ikishuka. Mstari mmoja unatosha. Ilifunguka ikishuka? Mara ijayo chukua injini yenye namba ya mwisho ndogo zaidi, miongoni mwa zilizoorodheshwa kwenye pakiti.

## Injini zilizobaki

Zilizo nzima ziweke ndani ya nyumba, mahali pakavu, mbali na jiko na mikono ya watoto. Zilizoanguka au kupasuka zitumbukize kwenye ndoo ya maji hadi baruti iwe tope, kisha zitupe na takataka za kawaida.

Na kwa wale wanaofikiria kumpelekea binamu roketi Mombasa au Dar es Salaam wakati wa likizo: TSA, mamlaka ya usalama wa safari ya Marekani, inakataza injini za roketi za modeli ndani ya ndege, kwenye mkoba wa mkononi na kwenye sanduku la chini pia. Roketi yenyewe, bomba, mapezi na parachuti, inaruhusiwa bila injini. Usifiche hata moja kati ya nguo, ni baruti. Huko nyumbani watoto warushe roketi ya maji, ya chupa ya soda na pampu ya baiskeli, na mfundishane ile hatua ya 4. Parachuti hukunjwa vilevile, na pua ikibana haitatoka huko kama isivyotoka huku.